Hima ya Sayyidna Umar na Misitu ya Unguja



Neno "hima" tunalijua sote. Mama humwambia mwanawe, "Fanya hima, wakati wa sala unakaribia," na mtoto akajua kuwa anatakiwa haraka. Lakini liko neno jingine la Kiarabu linalofanana nalo, hima, lenye maana ya mahali palipokingwa, pasipoguswa ovyo. Kutokana na asili hiyo ndipo tulipopata neno letu "himaya". Kisha mwaka 2010 neno hilo lilitujia kwa sura ya tatu. Ulianza Unguja na Pemba mradi ulioitwa HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili, na wanakijiji wakaambiwa kwamba wakiacha kukata miti yao, watu wa nchi za mbali watawalipa.

Jambo hilo lilikuwa geni. Tumezoea kuuza karafuu, nazi, mwani na boriti. Nani aliyewahi kuuza mti uliosimama, ukabaki umesimama pale pale? Basi leo tuitazame khabari hii kwa utulivu, tangu mwanzo wake, kwani ndani yake limo somo kubwa juu ya ahadi na haki ya mnyonge.

HIMA YA ZAMANI

Kabla ya Uislamu, wakubwa wa Bara Arabu walikuwa na ada ya kujitengea malisho mazuri. Mkubwa akishuka mahali penye majani, akapapenda, basi hapo ni pake peke yake. Wanyama wa wengine wafe kwa njaa. Mtume (S.A.W.) aliifuta ada hiyo. Alifundisha kwamba hapana hima ila iliyo ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, yaani isiwepo ila kwa maslaha ya umma. Akaikinga ardhi ya Naqii, karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Na Madina yenyewe akaifanya haram, miti yake isikatwe wala wanyama wake wasiwindwe.

Ulipofika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) hima zilizidi, kwani umma nao ulizidi. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba alimweka mtumishi wake aitwaye Hunayy awe mlinzi wa hima, akampa usia. Maana ya usia wake ni hii: awe mpole kwa Waislamu, na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Mwenye ngamia wachache na kondoo wachache amruhusu aingie. Ama matajiri kama Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan, hao awazuie. Kwani wao wanyama wao wakifa, wana mashamba na mitende ya kurejea. Lakini maskini wanyama wake wakifa, atakuja na watoto wake mlangoni kwa Khalifa kulia.

Tafadhali, msomaji, uweke usia huo moyoni. Sayyidna Umar hakusema hima iachwe wazi kwa kila mtu, kwani ingekwisha. Wala hakusema ifungwe kwa kila mtu, kwani maskini angekufa. Aliweka mlango, akamwambia mlinzi nani aingie kwanza na nani azuiwe. Tutaurejea mlango huo mbele.

MISITU YETU

Kisiwa cha Unguja kina sura mbili. Upande wa magharibi una udongo mzito, na huko ndiko msitu wa asili ulikokatwa mwanzo ili ipandwe mikarafuu, katika karne ya 19, khasa tangu zama za Seyyid Said bin Sultan. Upande wa mashariki na kusini ni maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo kiasi cha kujaza viganja. Huko ndiko walikobaki wenyeji wengi wa vijiji vya kale, wakilima kwa kufyeka kipande, kukilima miaka michache, kisha kukiacha kirudi kuwa mwitu. Ardhi na mwitu wa kijiji ulikuwa chini ya wazee, na katika vijiji vingi lilikuwepo baraza la Watu Wanne. Palikuwa na pahala pasipokatwa mti kwa ajili ya itikadi za mizimu. Itikadi hizo hatuzisifu, lakini ukweli usemwe: miti ya mahali hapo ilisalia.

Sasa tutazame Mji Mkongwe. Majumba yake tunayojivunia, yaliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, yamejengwa kwa mawe, chokaa na boriti. Boriti ni miti ya mikoko. Na upana wa vyumba vyetu, ambao aghlabu ni mwembamba na mrefu, umefuata urefu wa boriti. Chokaa nayo haipatikani bila ya kuni: hupangwa magogo, yakawekwa mawe juu yake, likawashwa tanuu likawaka usiku na mchana. Chakula kilichopikwa ndani ya majumba hayo kilipikwa kwa kuni na makaa kutoka maweni. Basi mtu akitazama ukuta mweupe wa Mji Mkongwe anautazama pia msitu uliounguzwa. Na zilipoanza kujengwa hoteli za pwani, khasa tangu miaka ya 1990, mahitaji ya nguzo, chokaa na makaa yalizidi juu ya yale ya zamani.

Msitu mkubwa uliosalia Unguja ni Jozani. Uliwahi kuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa mbao, na katika miaka ya 1940 ukaingia chini ya Idara ya Misitu. Mwaka 1995 ulianza mradi wa kuuhifadhi pamoja na Ghuba ya Chwaka, na mwaka 2004 ukawa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi. Humo na kandokando yake anaishi kima punju, mwenye mgongo mwekundu, ambaye hapatikani kwa asili yake popote duniani ila Unguja. Wataalamu waliomhesabu kisiwa kizima katika miaka ya 2010 waliwakuta zaidi ya 5,800. Mnyama huyu ana ajabu yake: hula majani ya miembe na mikungu yenye sumu kidogo, kisha akatafuta makaa ya mti akayala, ili yamwondolee madhara. Yumo pia paa nunga, mdogo na mwenye haya, aliye katika khatari ya kutoweka. Ama chui wa Unguja, ifikapo miaka ya 1990 wataalamu walikuwa wameanza kumhesabu miongoni mwa waliotoweka. Kiumbe akishaondoka ameondoka. Hapana mradi wala fedha itakayomrudisha.

Hifadhi ya Jozani ilileta taabu pia. Punju waliingia mashambani wakala mazao, na mkulima hakuwa na ruhusa ya kuwapiga. Ilipokuja fedha ya watalii, ilipangwa sehemu yake iende vijijini, na sehemu iwafidie wakulima walioliwa mazao yao. Hapo ndipo wengi walipoanza kuuona msitu kuwa ni jirani, si adui. Lakini Jozani ni mmoja, na mtalii haendi kila mwitu wa maweni. Mingine ingelindwa kwa kitu gani?

KUUZA HEWA

Jibu lilitoka mbali. Mwenyezi Mungu ameuumba mti ukawa unavuta hewa ukaa, ile hewa itokayo katika moto na mashine, ukaigeuza kuwa shina, matawi na mizizi. Mti ukichomwa, hewa hiyo hurudi angani. Inapozidi angani, joto la dunia huzidi, na bahari hupanda. Na sisi watu wa visiwa hatuhitaji kuelezwa maana ya bahari kupanda.

Mwaka 1988 kampuni ya umeme ya Marekani iitwayo AES, iliyokuwa ikijenga mtambo wa kuchoma makaa ya mawe, iliingia katika mpango wa kuwasaidia wakulima wa Guatemala wapande miti, ili miti hiyo ivute hewa kwa kiasi cha ile itakayotolewa na mtambo. Shirika lililofanya kazi hiyo huko Guatemala lilikuwa CARE. Kutokana na fikra kama hiyo zilizaliwa hati za kaboni. Hati moja ni tani moja ya hewa ukaa iliyozuiwa isiende angani au iliyovutwa kutoka humo. Mwenye kuchafua hununua hati, na mwenye msitu hulipwa.

Katika mkutano wa Bali mwaka 2007 mataifa yalikubali kuitazama misitu ya nchi za joto kwa njia hiyo, na kwa Kiswahili mpango huo ukaja kuitwa MKUHUMI. Mwaka 2008 Norway iliiahidi Tanzania kroni milioni 500 kwa ajili ya kazi za mabadiliko ya hali ya hewa na misitu. Kwa fedha ya Norway ndipo ulipoanzishwa HIMA mwaka 2010, chini ya shirika lile lile la CARE pamoja na Idara ya Misitu ya Zanzibar.

Kazi iliyofanywa haikuwa ndogo, na insafu ni kuisema. Sheria ya misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya mwaka 1996, iliruhusu jamii kufunga mkataba na Serikali wa kuusimamia msitu wao. HIMA ilizisaidia shehia 45 za Unguja na Pemba kufanya hivyo. Mipaka ilipimwa, kamati zikachaguliwa, na msitu ukagawanywa: sehemu isiyoguswa, na sehemu ya kutumiwa kwa kiasi. Miche ilipandwa, majiko yanayotumia kuni kidogo yakafundishwa, na ikaundwa jumuiya ya shehia zote, JUMIJAZA, ili iwe ndiyo muuzaji wa hati kwa niaba yao. Vijiji vilivyokuwa vikitazama watu wa mbali wakija na mapanga kukata, vilipata karatasi ya kuwazuia. Hilo ni jambo la kheri.

Lakini moyo wa mradi ulikuwa ile ahadi: lindeni, mtalipwa. Na wakati wanavijiji wakipima mipaka, soko lenyewe lilikuwa likianguka. Mwishoni mwa mwaka 2012 hati za mpango wa Kyoto ziliuzwa Ulaya kwa chini ya euro moja kwa tani. Gharama za kupima, kukaguliwa na kuandikishwa hazikushuka pamoja na bei. Ziligawiwa fedha za majaribio kutoka mradini, ili watu wajifunze kugawana. Kisha mradi ukafikia mwisho wake, na hati za kaboni za HIMA hazikuuzwa.

Basi tujiulize: nani alitimiza, na nani hakutimiza? Mwanamke aliyeambiwa asikate kuni pale alipokuwa akikata mama yake, akatembea mbali zaidi, yeye ametoa chake. Mchoma makaa aliyeliacha tanuu lake ametoa chake. Huko upande wa pili hapakuwa na mtu wa kumdai, kwani hakuna aliyeandika kwamba lazima anunue. Watafiti walioandika juu ya miradi ya MKUHUMI Tanzania wameeleza khabari hiyo hiyo: matumaini makubwa mwanzo, kisha kuvunjika moyo. Na mtu akivunjwa moyo mara moja, anayekuja baada yake na nia njema hukuta mlango umefungwa.

GAZI, JIRANI ZETU

Asije mtu akasema, "Basi yote ni uwongo." Tuvuke bahari kidogo, twende Gazi, kusini ya Mombasa, katika Kwale. Watu wake ni watu wa pwani kama sisi, wavuvi na wakulima, na mikoko yao ilikatwa sana kwa boriti na kuni. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza mpango uitwao Mikoko Pamoja. Waliikinga mikoko ya hekta 117 tu, na wakawa wanauza hati za tani 3,000 hivi kwa mwaka. Huo ulikuwa mpango wa kwanza duniani wa jamii kuuza hati za kaboni za mikoko. Fedha yake imeingia katika maji ya bomba, shule na upandaji wa mikoko mipya, na mambo hayo huamuliwa na wanakijiji wenyewe. Mwaka 2017 walipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Kwa nini wao wakafika? Walianza na kidogo wanachokiweza. Utafiti wa mikoko ulikuwa umefanywa hapo kwa miaka mingi, kwa hivyo kipimo kilijulikana. Walikuwa na shirika dogo la kheri huko Scotland linalowatafutia wanunuzi, si kungoja soko lije lenyewe. Na jambo kubwa kuliko yote, walipanda mivinje nchi kavu ili watu wapate nguzo na kuni pasipo kuingia katika mikoko. Yaani walipofunga mlango mmoja walifungua mwingine. Huo ndio usia wa Sayyidna Umar, hata kama hawakuutaja.

MLANGO WA HIMA

Sasa turejee kwenye ule mlango. Kila hima, iwe ya kale au ya leo, ina mlinzi mlangoni, na kila mlinzi ana watu anaowaruhusu na anaowazuia. Ikiwa mwenye kondoo watatu amezuiwa, na mwenye ngamia elfu ameruhusiwa, hiyo si hima ya Umar. Hiyo imerudi kuwa ya wakubwa wa zama za Jahiliya. Biashara ya kaboni ina khatari hiyo. Mama wa Charawe au Ukongoroni hakuijaza anga moshi. Jiko lake la mafiga matatu si kitu mbele ya mtambo mmoja wa umeme wa nchi kubwa. Ikiwa yeye atazuiwa kuni, na mwenye mtambo atanunua hati kwa thamani ya kikombe cha chai ili aendelee kuchoma, basi mzigo umebebeshwa asiyestahiki.

Mfano wake ni kama tajiri anayemlipa jirani yake maskini amfungie Ramadhani, na yeye ale mchana. Maskini atafunga, na njaa yake itakuwa ya kweli. Lakini saumu ya tajiri haijafungwa. Mwenye kuchafua wajibu wake wa kwanza ni kupunguza uchafu wake mwenyewe. Anachomlipa mlinzi wa msitu kiwe ni juu ya hapo, si badala ya hapo.

Liko pia suali la sharia. Kinachouzwa ni nini? Si mti, kwani mti unabaki. Ni hesabu ya miti ambayo ingekatwa lau usingekuwepo mkataba, nayo ni hesabu ya jambo lisilotokea. Uislamu umekataza biashara yenye gharar, yaani kuuza kisichojulikana kiasi chake wala kupatikana kwake. Hatutoi fatwa hapa. Hilo ni la maulamaa wetu, na ni vyema walitazame. Lakini hata asiye mwanachuoni anaona kwamba kadiri kipimo kinavyokuwa wazi na mkataba kuwa bayana, ndivyo biashara inavyokuwa mbali na dhulma.

Na suali hili si la jana. Mwaka 2022 Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni, na bado wako wanaotafuta misitu ya kuingiza katika biashara hiyo. Basi mambo matatu tuyashike.

Kwanza, mkataba uandikwe kama linavyoandikwa deni. Qurani imetuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi, dogo au kubwa. Iandikwe ndani yake si kazi ya kijiji tu, bali na wajibu wa mnunuzi: atalipa kiasi gani, lini, na itakuwaje akiondoka. Ahadi ya upande mmoja si mkataba. Ni amri iliyovishwa kanzu.

Pili, haki ya kila siku itangulie fedha ya kesho. Kabla ya kufunga mwitu, pawe na mahali pa kuokota kuni, shamba la mivinje, jiko la gharama nafuu. Fedha ya kaboni ikija iwe ni ziada njema. Isipokuja, mtu asilale na njaa, na msitu usianguke siku ya pili.

Tatu, na hili ni letu sisi wa Mjini. Makaa hayajichomi. Yanachomwa Unguja Ukuu, Cheju na kwingineko kwa sababu sisi tunayanunua Darajani na Mwanakwerekwe. Shehia ikifunga mwitu wake na sisi tukaendelea kudai makaa yale yale, tanuu litahamia shehia nyingine, na hesabu yote itakuwa bure. Tunamlaumu mnunuzi wa Ulaya, na ni haki. Lakini na sisi tu wanunuzi. Jumba lenye uwezo wa kupikia gesi au umeme, likaacha makaa, limempunguzia mlinzi wa msitu kazi yake pasipo mkutano wala cheti. Na anayejenga kwa chokaa au nguzo aulize zimetoka wapi, kama anavyouliza nyama imechinjwa na nani.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kila anachokula humo mtu, ndege au mnyama kinaandikwa kwake kuwa ni sadaka. Na ametufundisha kwamba hata Kiama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda aupande. Mafundisho hayo hayakungoja bei ya soko. Wanavijiji wa maweni wanaoendelea kuulinda mwitu wao, na hali fedha waliyoahidiwa haikuja, wamo katika sadaka hiyo inshaallah, na punju na paa nunga ni mashahidi wao. Lakini sadaka ya maskini haimwondolei tajiri deni lake.

Basi tufanye hima, tuilinde hima. Na mlangoni pake tumweke mlinzi anayeogopa dua ya aliyedhulumiwa. Mwenyezi Mungu (S.W.T.) atujaalie tuwe waaminifu katika amana hii ya ardhi, sisi na watoto wetu. Amin.